Figili Zilizoota Mdomoni Mwangu

Mpendwa Bi Arlys,

Tangu nizaliwe sijawahi kuandikia gazeti, hata tangazo la kuuza ndama mume wangu ndiye aliyekuwa analiandika, lakini leo nimefika mahali sina wa kumwambia, binti yangu ameshaniambia ninyamaze, shemeji yangu ameniambia la kwake ambalo nitakueleza, na mchungaji wetu anawinda pamoja na mume wangu, nikimwambia najua atashindwa kulificha usoni, kwa hiyo nakuomba wewe uninasue kabla msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki haujafunguliwa, na majina yetu tafadhali yabadilishe, ingawa sisi wa huku kaskazini ya Wisconsin tunajuana hata kwa kikohozi.

Mume wangu nimwite Norbert. Tulikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mpaka magoti yalipotushinda, sasa ng'ombe wameondoka, shamba tumewakodisha wengine, ila kuna nusu ekari nyuma kabisa, pale kati ya mialoni na kijito, ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa, hiyo ni ya kulungu. Kila mwaka Norbert anawapandia majani ya klova na figili, anauwekea udongo chokaa, anapalilia kwa mapenzi ambayo bustani yangu ya nyanya haijawahi kuyaona, na vuli ikifika anapanda juu ya mwaloni wake anakaa kimya akiwatazama wakila. Watu wengine wanawinda zile siku tisa za msimu, Bi Arlys, mume wangu anawinda mwaka mzima ila bunduki anaishika siku hizo tisa tu, na kuna miaka amerudi mikono mitupu huku anacheka, anasema yule dume alikuwa bado kijana, nimemwacha akue.

Na ana msimamo mmoja ambao wilaya nzima inaujua, maana amewafundisha vijana darasa la uwindaji kwenye chumba cha chini cha kanisa miaka na miaka, anawaambia, "Anayepanda amekaribisha mgeni, anayemwaga chambo ametega." Siku hizi kumwaga mahindi au tufaha ili kulungu wajikusanye kumepigwa marufuku kwetu kwa sababu ya ule ugonjwa wao wa ubongo wanaoambukizana, lakini yeye aliuchukia mchezo huo hata kabla ya sheria. Aliwahi kumfukuza ndugu yake wa damu, Duane, kutoka kambi yetu ya uwindaji kwa kukuta rundo la mahindi chini ya mti aliokuwa akiwindia Duane, na hawakusemezana mpaka Pasaka.

Sasa mwaka huu moyo wake umechoka. Alilazwa kiangazi chote, akatoka amekonda mpaka pete ya ndoa inamvuka, anatembea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, basi. Kuhusu msimu wa mwakani nilimuuliza daktari, hakusema ndiyo wala hapana, alinishika mkono tu. Wakati bado yuko hospitali ndio ulikuwa wakati wa kupanda, na mimi nikasema nitapanda mwenyewe, kwani nini, nimeendesha trekta tangu nikiwa msichana, nimepanda mahindi na maharage maisha yangu yote, mbegu ni mbegu. Nikaona aibu kumuuliza mgonjwa mwenye mipira puani swali la kitoto. Nikarusha zile mbegu, kisha nikazipitishia haro, lile reki kubwa la trekta, ziingie chini vizuri kama mahindi yanavyopenda, nikarudi nyumbani najisifu. Ikanyesha mvua moja kubwa, ardhi ikakauka juu ikawa ngumu, na kilichoota ni magugu.

Nilikuja kusoma baadaye nyuma ya mfuko wa mbegu kwamba mbegu ndogo kama zile hazifukiwi, zinabanwa tu juu ya udongo kwa rola. Nilizizika, Bi Arlys. Nilizizika zote.

Ile wiki aliyorudi nyumbani alikuwa hali kitu. Nilimpikia supu ya kuku, akageuza uso, nikamletea samaki wa kukaanga wa Ijumaa kutoka pale anapopapenda, akamwangalia kama vile hawajuani. Jioni moja natoka huko nyuma kutazama yale magugu, nimesimama mlangoni na viatu vya matope, akaniuliza, "Zimeota?" Nikamwangalia yule mtu alivyolala pale. Nikasema, "Zimeota." Akasema, "Safi. Hebu nipe yai na kipande cha mkate." Akala yai, Bi Arlys, akala na la pili.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkulima wa mdomo. Kila asubuhi ananiuliza na mimi nazikuza. Siku moja nilijisahau nikamwambia majani yamefika magotini, akacheka mpaka akakohoa, "Weye bibi, hizo figili au misonobari? Punguza sifa." Siku nyingine akanigombeza, "Na usiende huko kila mara, utaacha harufu yako wanaume wangu wenye pembe wakimbie." Nikamjibu, "Wanaume wako wana bahati, mimi wangu hakimbii hata nikitaka." Tukacheka wote wawili, kisha nikaenda chumba cha kufulia nikalia.

Halafu akataka picha. Nikababaika, nikaendesha hadi kwa jirani yetu Gaylord, naye ana kipande chake cha shamba la kulungu kimestawi kweli, nikapiga picha figili zake na ile miti yake yenye magome meupe nyuma yake, jua limeipiga vizuri, nikamletea. Norbert aliishika simu muda mrefu sana. Akaniuliza, "Hii umepigia upande gani?" Nikasema upande wa mashariki. Akasema, "Ahaa." Akanirudishia simu. Tangu hapo hajaomba picha nyingine, namshukuru Mungu, ila bado asubuhi ananiuliza zimefikia wapi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu inaishia Jumamosi ile ya Novemba, kabla ya Sikukuu ya Shukrani, msimu unapofunguliwa. Mkwe wangu amemjengea kibanda cha mbao pembeni ya ile nusu ekari, chenye njia ya kupitisha kiti cha magurudumu, mchungaji atakuja, watoto watakuja, wote na majaketi yao ya uwindaji ya rangi ya machungwa, na alfajiri watamsukuma hadi dirishani pa kibanda, kukipambazuka ataona nini? Magugu yaliyokufa kwa baridi. Mbele ya watu wote.

Duane alikuja juzi, nikamwonyesha, maana nilikuwa sina pumzi. Akaangalia, akakuna shingo, akasema, "Shemeji, hapa hapana kitu. Lakini mimi nina tufaha gari zima. Tunazimwaga wiki moja kabla, zinaoza kidogo, kulungu wanakuja, mzee anapiga dume lake, anafurahi, nani atajua?"

"Askari wa wanyamapori atajua," nikamwambia.

"Askari ana wilaya nzima. Shemeji, ni mwaka wake wa mwisho, unataka akae pale aangalie magugu?"

"Norbert atazinusa, Duane. Alinusa hata mahindi yako."

"Pua yake siku hizi ina mpira wa hewa ndani," akasema, kisha macho yakamjaa maji, kwa hiyo usimfikirie vibaya, ni ndugu yake.

Binti yangu yeye nilimpigia simu, akapiga kelele, "Mama! Usithubutu kumwambia! Daktari alisema asishtuliwe. Utamuua!" Basi neno hilo ndilo linalonikesha. Nikimwambia, nitamuua. Nisipomwambia, ataona kwa macho yake. Nikimwaga tufaha, atapiga dume la mwisho la maisha yake juu ya kitu alichokichukia maisha yake yote, na mimi nitaila nyama ile, nitamkaangia soseji zake, nikijua. Nifanye nini, Bi Arlys? Nampenda sana huyu mtu na nimemlisha uongo tangu Agosti.

Ni mimi, Aliyezika Mbegu.


Dada yangu uliyezika mbegu,

Pole. Pole kwa moyo wa mumeo na pole kwa wa kwako, ambao naona nao umebeba mzigo kuzidi kimo chake. Barua yako nimeisoma jikoni kwangu mara mbili, mara ya pili nimesimama, na nimeirusha mbele ya foleni ya wenzako wote ili jibu likufikie wiki hii, kwa sababu tuko bado Septemba na Septemba ina faida yake, nitakueleza.

Tuanze na la Duane, maana ndilo jepesi. Hapana. Ana roho nzuri na ana machozi ya kweli, lakini jibu ni hapana. Achana hata na askari. Sheria ile imewekwa kwa sababu kulungu wakirundikana pua kwa pua juu ya rundo moja wanaambukizana, na mumeo amewaeleza hivyo watoto wa nusu ya wilaya. Wewe mwenyewe umeshalijibu ulipoandika kwamba utazila soseji hizo ukijua. Hizo tufaha mwambie alete nyumbani, utengeneze pai, naye Duane apewe kazi nyingine ambayo nitamtafutia hapa chini.

Sasa wewe. Kuhusu siku ile ya kwanza mlangoni, na viatu vyako vya matope, sikulaumu hata kidogo. Mtu wako alikuwa hali kitu, ukasema neno moja, akala. Ningekuwa mimi ningesema zimeota na zimeanza kuchanua. Lakini siku ya pili hukumdanganya kwa ajili ya yai. Siku ya pili uliogopa. Na kabla ya hapo uliogopa pia, ulipokaa pembeni ya kitanda cha mtu anayejua kupanda figili kuliko yeyote katika wilaya yetu, ukaona aibu kumuuliza figili zinapandwaje! Mama wee. Mficha uchi hazai, na wewe ulimficha mtu ambaye angefurahi sana kuulizwa. Unadhani alipokuwa amelala pale, kila nesi anamgeuza, kila mtu anamwamulia ale nini na alale saa ngapi, asingependa mtu mmoja aje amwombe shauri?

Na sasa nikuulize jambo, uniwie radhi. Nyuma ya nusu ekari ya mumeo kuna miti gani? Umeandika mwenyewe, mialoni. Nyuma ya figili za Gaylord kuna miti gani? Umeandika mwenyewe pia, na ukaisifia kwa jua lilivyoipiga. Mwanamume aliyekaa juu ya mwaloni ule vuli baada ya vuli, akitazama upande ule ule hadi macho yakauma, unamwonyesha miti yenye magome meupe na kumwambia ni kwake? Akakuuliza upande gani. Ukamwambia mashariki. Akasema ahaa.

Siwezi kuapa, mimi simo kichwani mwake. Lakini mtu anayetaka picha akapewa moja, kesho yake huomba ya pili. Wa kwako hakuomba tena. Nionavyo mimi, Norbert anajua tangu siku ile kwamba shamba lake halina kitu, au walau anajua kwamba kuna jambo unamficha. Na asubuhi anakuuliza zimefikia wapi kwa sababu ndiyo dakika yake ya kukusikia ukicheka. Yeye anakulinda wewe na wewe unamlinda yeye, kila mmoja upande wake wa ukuta, na siku zinakwenda. Hilo ndilo linaloniumiza katika barua yako, siyo magugu.

Binti yako anasema utamuua. Msamehe, anaogopa kumpoteza baba. Ila kinachomshtua mgonjwa wa moyo ni kusukumwa kwenye kiti hadi dirishani mbele ya mchungaji na wakwe, akione kitu ambacho mke wake alikijua na yeye hakuambiwa. Hapo ndipo mshtuko ulipo. Kusikia nyumbani, kwa sauti yako, mchana kweupe, siyo mshtuko. Ni mazungumzo ya mke na mume.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii. Kwanza mpigie simu nesi wake, muulize kama anaruhusiwa kukaa kwenye pikapu nusu saa na mtungi wake wa hewa. Akiruhusiwa, mvalishe vizuri, mfunike blanketi, mwendeshe taratibu hadi huko nyuma. Usimtangulizie kilio. Ukianza kulia wewe, atatumia pumzi zake kukubembeleza, na hana pumzi za kutupa. Mwambie tu, "Norbert, nilizifukia. Hakuna kilichoota. Nilikudanganya kwa sababu ulikula." Maneno hayo, bila kuyapamba. Asiporuhusiwa kutoka, mwambie hapo hapo dirishani pake.

Akikasirika, mwache akasirike. Ana haki. Mmeoana muda wa kutosha kujua hasira yake inadumu mpaka saa ngapi. Akicheka, cheka naye. Akikwambia alijua, nakuomba sana usimuulize kwa nini na yeye alinyamaza.

Kisha muulize swali ambalo ulitakiwa kumuuliza kiangazi: "Sasa tupande nini?" Hapo ndipo penye faida ya Septemba niliyokuambia. Mimi nimempigia simu muuza mbegu, amenieleza kwamba figili zimechelewa, klova imechelewa, lakini kuna rai, yule ndugu yake ngano asiyejali baridi, ambaye ukimrusha sasa juu ya udongo uliokwanguliwa, kabla ya mvua, ataota na atakuwa kijani wakati majani mengine yote yameshakufa, na kulungu wanampenda. Hafukiwi! Narudia kwa ajili yako: hafukiwi. Lakini hilo la rai nimekutajia wewe ulale usingizi, siyo umtajie yeye. Muulize, unyamaze, umwache afikiri. Na akisema kitu tofauti na nilichosema mimi, fuata chake.

Yeye akae garini kioo kimeshushwa, wewe uvae kile kifuko cha kurushia mbegu kifuani, uzungushe mkono, utembee pale atakapokuonyesha. Duane aje na haro ayakwangue magugu kwanza, abebe na mifuko, na akubali kupigiwa kelele na kaka yake, maana kambi ile alifukuzwa na nadhani huu ndio wakati wa kurudishwa vizuri. Kama Norbert atasema unatembea haraka mno, punguza. Kama atasema umeacha mahali, rudi.

Sitakudanganya, mmeshakuwa na uongo wa kutosha. Huenda mvua isinyeshe. Huenda Jumamosi hiyo asitokee hata ndama wa kulungu. Na huenda Norbert asiifikie Jumamosi hiyo, hilo daktari alikuambia kwa mkono wake na wewe ulilisikia. Lakini hata likiwa hivyo, mwaka wake wa mwisho atakuwa amepanda, kwenye ardhi yake, akikuelekeza wewe, na hakutakuwa na kitu kati yenu.

Mimi umenimiminia yote haya, na hata sikujui. Weka gazeti chini sasa. Yuko chumba cha pili, yuko macho, na bado hujachelewa kumuuliza.

Bi Arlys